Dhahabu ya Kilwa katika Mji wa Lisbon

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa redioni)

Kiongozi wa kikundi, kama unayo ramani ya dunia, itundike ukutani sasa, hata kama imechakaa. Wasio na ramani wasihuzunike. Njia tutaisema kwa maneno, na karatasi hii mtabaki nayo mkononi muisome tena polepole nyumbani.

Leo nitawatembeza siku moja katika mji mkuu wa nchi ya Ureno, mji uitwao Lisbon. Tutaingia makanisani, na jioni tutaingia katika nyumba ya makumbusho, yaani nyumba inayowekwa vitu vya kale na vya thamani ili watu waje kuvitazama. Labda mmoja wenu anauliza moyoni, "Mwalimu, Ureno inatuhusu nini sisi?" Swali zuri. Jibu lake tutalikuta mwisho wa siku, ndani ya sanduku la kioo. Lakini tusilikimbilie. Mgeni anayekwenda moja kwa moja kwenye dhahabu huiona inavyong'aa, asielewe imefikaje pale.

Tazameni ramani. Weka kidole chako juu ya Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania. Teremsha kidole kwa njia ya bahari mpaka ncha ya kusini ya Afrika. Sasa kipandishe upande wa pili, upande wa machweo. Pita Angola, pita Senegal, pita Moroko, mpaka ufike Ulaya. Nchi ya pembeni kabisa, iliyoipa mgongo Ulaya na kuielekea bahari kuu, ndiyo Ureno. Mji wa Lisbon uko pale mto Tagus unapokutana na bahari. Njia hiyo iliyopitwa na kidole chako ndiyo njia ya merikebu ambazo habari zake tutazisikia leo.

Haya, tumefika, na ni asubuhi. Tuanze na kanisa kuu la mji, ambalo wenyeji huliita Sé. Limesimama mlimani, lina minara miwili minene, na ukilitazama kwa mbele utadhani ni ngome ya vita. Dhana hiyo si mbaya. Mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques, akisaidiwa na askari Wakristo waliokuwa njiani kwenda kupigana Palestina, aliuteka mji huu kutoka mikononi mwa Waislamu, waliokuwa wameutawala kwa zaidi ya miaka 400. Kanisa likajengwa mahali palipokuwa na msikiti mkuu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamechimba ndani ya ua wake, wakakuta mambo ya Waislamu chini ya yale ya Wakristo, na chini zaidi yale ya Warumi. Mtu akisimama pale anaweza kuzitazama zama hizo kama magunia yaliyopangwa ghalani, la kwanza kuingia likiwa chini.

Waislamu wale walishindwa, lakini maneno yao hayakushindwa. Mreno akitaka sukari husema açúcar, nalo limetoka katika Kiarabu, sawasawa na neno letu. Vigae vya rangi vinavyopamba kuta za Lisbon huitwa azulejo, Kiarabu pia. Mtaa wa kale ulio chini ya kanisa hili huitwa Alfama, na jina hilo ni la Kiarabu vile vile. Mtu wa Pwani ya kwetu akitembea huko hatajisikia mgeni kabisa.

Na Wareno nao walituachia maneno yao. Meza ni neno lao. Bendera ni lao. Leso, padri, mvinyo na karata, yote ni yao. Lakini liko moja ambalo nataka mlishike kuliko yote, kwa kuwa leo tunatembelea makanisa. Kanisa kwa Kireno ni igreja. Litamkeni pamoja nami: i-gre-ja. Wataalamu wa lugha husema neno hilo ndilo lililozaa neno letu gereza. Kanisa limegeukaje kuwa mahali pa kufungia watu? Wareno walipojenga ngome katika pwani yetu walitia kanisa humo humo ndani, kama walivyofanya katika Ngome ya Yesu kule Mombasa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Watu wa nje wakalishika jina la kanisa kuwa jina la jengo zima. Baadaye ngome zikatumiwa kufungia watu, na jina likabaki na kazi hiyo. Ngome ya zamani iliyoko Kilwa Kisiwani, wenyeji wanaiita Gereza mpaka leo.

Tuteremke sasa mjini. Karibu na uwanja mkubwa wa Rossio liko kanisa la São Domingos. Ukiingia utashtuka. Nguzo zake zimepasuka na kumegeka kama mti uliopigwa radi, na kuta zake zina rangi nyekundu ya mahali palipoungua. Liliteketea kwa moto mwaka 1959, na lilipofunguliwa tena mwaka 1994 wenyewe hawakuzificha alama za moto. Mimi naona walifanya vema. Kanisa hili lina alama nyingine mbaya kuliko hizo, ila hiyo haionekani kwa macho.

Mwaka 1497 mfalme Manuel wa Kwanza aliwalazimisha Wayahudi wa Ureno wabatizwe. Waliitwa "Wakristo wapya", na majirani zao hawakuwaamini. Siku ya Jumapili, tarehe 19 Aprili 1506, watu waliokuwa katika kanisa hili walisema wameona mwanga wa muujiza juu ya msalaba. Mkristo mpya mmoja akasema huenda ni mwanga wa mshumaa tu. Akakokotwa nje, akauawa. Mauaji yakaenea mjini kwa siku tatu. Wengi wa waandishi wa historia husema waliokufa walikuwa watu 2,000 au zaidi. Mfalme hakuwapo mjini siku zile. Baadaye aliwaadhibu vikali walioongoza mauaji. Uwanjani mbele ya kanisa pamewekwa jiwe la kumbukumbu tangu mwaka 2008.

Uandikeni mwaka huo pembeni mwa karatasi: 1506. Tutaukuta tena.

Katika kanisa hili hili Waafrika wa Lisbon wa zamani hizo walikuwa na chama chao, chama cha Mama wa Rozari, cha kusaidiana na kuzikana. Walikuwa wengi. Hesabu iliyofanywa mwaka 1551 ilikuta watumwa karibu 10,000 katika mji wa watu karibu 100,000. Maana yake, katika kila watu kumi uliokutana nao njiani, mmoja alikuwa mtumwa. Wengi wa watumwa hao walikuwa watu wa Afrika ya magharibi na wazao wao. Na katika miaka yetu hii, ukipita uwanja huu utawakuta watu wa Guinea wamesimama vikundi vikundi wakizungumza, kama watu wa mji wanavyozungumza barazani.

Juu ya kilima cha jirani liko kanisa la Carmo, nalo halina paa. Matao yake ya mawe yamesimama wazi, na ukiinua kichwa unaona mawingu. Siku ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walikuwa wamejaa makanisani, mishumaa inawaka, ndipo nchi ikatetemeka. Makanisa yakawaangukia. Waliokimbilia ufukoni wakakutana na mawimbi makubwa ya bahari. Mishumaa na meko yaliyoanguka yakawasha moto uliokula mji kwa siku kadhaa. Walikufa watu maelfu kwa maelfu.

Hasara moja ya siku ile inatugusa sisi. Ukingoni mwa mto palikuwa na jumba la mfalme, na karibu yake ofisi iliyoitwa Nyumba ya Bara Hindi. Ofisi hiyo ndiyo iliyosimamia biashara yote ya Wareno katika bahari yetu: ni merikebu gani imetoka, imebeba nini, imerudi na nini. Vitabu vyake vya hesabu viliharibika kwa tetemeko na moto. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua leo ni mali kiasi gani iliyotoka katika miji ya Pwani hana daftari la kufungua. Atatafuta ushahidi mahali pengine.

Twende tukautafute. Tupande treni ya barabarani, ile ya namba 15, inayokwenda kandokando ya mto upande wa magharibi. Baada ya maili nne hivi tutashuka mahali paitwapo Belém, ndiyo Bethlehemu kwa Kireno.

Hapa ndipo merikebu zilipokuwa zikiagana na watu wa nyumbani. Tarehe 8 Julai 1497 Vasco da Gama aliondoka hapa na merikebu nne. Mwezi wa Aprili 1498 alifika Mombasa, na huko hawakusikilizana. Akaenda Malindi, na sultani wa Malindi, aliyekuwa na ugomvi wake na Mombasa, alimpokea vizuri, akampa rubani wa kumvusha bahari mpaka Calicut katika Bara Hindi. Huenda mmepata kusikia kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Uarabuni. Maneno hayo yameandikwa mara nyingi, lakini wataalamu wengi wa sasa hawayakubali.

Kanisa kubwa la Belém pamoja na nyumba ya watawa iliyo ubavuni mwake huitwa Jerónimos. Mfalme Manuel alianza kulijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, na kazi ilichukua karibu miaka 100. Sijui nilieleze vipi hata mlione. Ni jiwe jeupe, lakini limechongwa kama mtu alivyochonga mlango wa Lamu au wa Unguja: hakuna mahali palipoachwa patupu. Kamba za merikebu zimechongwa katika jiwe, na majani, na wanyama. Nguzo za ndani ni nyembamba na ndefu, zinapanda juu na kutawanyika darini kama minazi. Kaburi la mfalme Manuel mwenyewe limebebwa na tembo wa mawe. Tetemeko la 1755 halikuliangusha.

Nani aliyelipa? Hilo ndilo swali la kuuliza kila mtu anapoona jengo kubwa, liwe kanisa, liwe msikiti, liwe jumba la mfalme. Hapa jibu linajulikana. Mfalme aliagiza kwamba katika biashara ya viungo na mali nyingine zilizotoka Afrika na nchi za mashariki, sehemu moja katika kila ishirini itolewe kwa ujenzi huu. Watu waliita kodi hiyo kodi ya pilipili. Basi pilipili manga ndiyo iliyonyanyua nguzo hizi.

Ukiingia mlango mkubwa, upande mmoja kuna kaburi la Vasco da Gama, na upande mwingine kaburi la mshairi Luís de Camões, ambaye katika utenzi wake uliotoka mwaka 1572 alizitaja Mombasa, Malindi na Kilwa. Gama alifariki Bara Hindi tarehe 24 Desemba 1524, na mifupa yake ililetwa katika kanisa hili mwaka 1880. Juu ya kaburi amechongwa amelala, mikono imekutana kama mtu anayesali. Wageni wengi hupiga picha. Wewe simama kidogo ukumbuke kwamba mtu huyu alikuja kwetu tena mwaka 1502, na mara hiyo hakuja kuomba rubani.

Hapo nje, ukingoni mwa mto, liko sanamu kubwa la mawe na saruji lililojengwa mwaka 1960, mfano wa merikebu iliyojaa mabaharia, wafalme na mapadri wa Ureno. Nimetaja mabaharia, rubani yule wa Malindi hamo.

Sasa turudi mjini kwa treni ile ile, tushuke njiani, tupande mpaka barabara iitwayo Madirisha ya Kijani. Hapa pana Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, yaliyofunguliwa mwaka 1884. Ni nyumba kubwa yenye vyumba vingi, na miguu yenu bila shaka imechoka, kwa hiyo tutapita vyumba vingi bila kusimama. Ila mtazame mara moja pazia za kukunja zilizochorwa na Wajapani miaka ya karibu 1600. Zinaonyesha merikebu ya Wareno ikiingia bandari ya Japani. Mreno anatembea na suruali pana kama maboga, na nyuma yake Mwafrika anamshikia mwavuli. Juu ya milingoti Waafrika wengine wanapanda kamba. Mjapani aliwachora wote kama alivyowaona, hakumwacha mtu.

Na sasa sanduku la kioo.

Ndani yake kimesimama chombo cha dhahabu, kimo chake karibu sentimita 73, kama urefu wa meza kutoka sakafuni. Wakatoliki hukiita monstransi. Ni chombo ambacho padri huweka ndani yake mkate mtakatifu ili waumini wauone na kuuabudu. Tazameni kazi ya mikono. Chini kabisa, kwenye tako lake, wametiwa ndege, maua na konokono, kwa rangi ya kioo kilichoyeyushwa juu ya dhahabu. Shina lake lina mipira ya pete pete, ndiyo alama ya mfalme Manuel, mfano wa mbingu na dunia. Katikati wanapiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na uso wake, kuzunguka mahali pa mkate. Juu yao kuna njiwa mweupe, na juu zaidi sanamu ya Mungu Baba. Sonara aliyekifua aliitwa Gil Vicente. Ureno ilikuwa pia na mtungaji mkubwa wa michezo ya kuigiza mwenye jina hilo hilo, na wengi husema ni mtu mmoja, mabishano hayajaisha.

Inameni mtazame chini, kwenye ukingo wa tako. Kuna herufi zinazozunguka. Mtu asiyejua kusoma ataona pambo tu. Anayejua kusoma Kireno atapata habari hii: kwamba mfalme mkuu na mwenye nguvu, Manuel wa Kwanza, aliagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506.

Ndiyo, Kilwa. Kilwa yetu.

Sasa tunaweza kusimulia habari yenyewe. Kwa muda mrefu Kilwa ulikuwa mji wa mbele katika pwani ya kusini. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu kuwa ni katika miji mizuri. Utajiri wake ulitokana na dhahabu, lakini dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe. Watu wa huko waliichimba miambani na kuichekecha mitoni, ikateremshwa mpaka bandari ya Sofala, na Sofala ilikuwa chini ya masultani wa Kilwa. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu imeokotwa sarafu ya shaba yenye jina la sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Biashara ilikwenda mbali namna hiyo, na barabara zilikuwa za miguu.

Mwezi wa Julai 1502 Vasco da Gama alitokea mbele ya Kilwa na merikebu za vita zenye mizinga. Mtawala wa wakati huo aliitwa Amir Ibrahim. Gama alimtaka akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka. Akikataa, mji utapigwa na kuchomwa. Ibrahim hakuwa na mizinga. Zililipwa mithkali 1,500 za dhahabu. Mithkali moja ni kama gramu nne na robo, kwa hiyo jumla yake ni zaidi ya kilo sita. Gama aliifikisha dhahabu hiyo Lisbon mwaka 1503.

Kodi hiyo haikuununulia mji amani. Mwezi wa Julai 1505 alifika Francisco de Almeida na kundi kubwa la merikebu. Askari wake waliteremka pwani, Ibrahim akakimbia, na mji ukaporwa. Mjerumani aitwaye Hans Mayr, aliyesafiri na merikebu ya São Rafael, aliacha maandishi juu ya Kilwa aliyoiona: nyumba za mawe na chokaa, nyingine za ghorofa, na bustani zenye michungwa na milimau. Wareno wakajenga ngome, wakaweka mtawala waliyemtaka wao, wakaenda kuichoma Mombasa mwezi wa Agosti. Mwaka 1512 waliiacha ngome ya Kilwa, kwa kuwa biashara ilikwisha kuharibika na mji haukuwapa tena faida. Mwaka 1506, basi, sonara alipokuwa akiwamalizia mitume nyuso zao, Kilwa ilikuwa mwaka mmoja tu tangu kuporwa, na katika mji uo huo wa Lisbon watu walikuwa wakiuawa mbele ya kanisa la São Domingos.

Nataka mfikiri juu ya zile herufi. Mimi nikisema kwamba dhahabu ya Kilwa ilichukuliwa kwa nguvu, mtu anaweza kunijibu, "Wewe ni mtu wa huko, unasema kwa uchungu." Lakini maandishi haya hayakuandikwa na mtu wa Kilwa. Aliyeyaandikisha ni mchukuaji mwenyewe. Neno alilolitumia, párias, si zawadi wala si bei ya kitu kilichonunuliwa. Ni kodi anayotoa mtawala aliyetiishwa. Mfalme Manuel hakuona haya. Aliona fahari kumtolea Mungu dhahabu ya mfalme mwingine, na akataka vizazi vijavyo vijue imetoka wapi. Kwa mwanafunzi wa historia, ushahidi wa namna hii una uzito sana, kwa kuwa anayekiri hana sababu ya kujisingizia. Daftari za Nyumba ya Bara Hindi ziliteketea; kipande hiki kimoja cha hesabu kikapona kwa kuwa kiliandikwa juu ya dhahabu.

Watu wengine watasema, "Kiyeyushwe basi, au kisitazamwe." Siafiki. Ni kitu kizuri, na mikono iliyokifua ilikuwa mikono ya bingwa. Wengine husema, "Ni kizuri, yatosha, ya zamani yamepita." Hilo nalo siliafiki. Huko Lisbon kwenyewe watu hawajanyamaza. Mwaka 2018, palipokuwa na shauri la kujenga makumbusho yatakayoitwa Makumbusho ya Ugunduzi, wataalamu zaidi ya 100 waliandika barua kulipinga jina hilo. Walisema nchi zilizokuwa na watu wake, wafalme wake na biashara yake haziwezi kusemwa kuwa ziligunduliwa. Kilwa ilikuwa na historia yake iliyoandikwa. Nakala yake moja ya Kiarabu imehifadhiwa London, na mwandishi João de Barros, aliyefanya kazi katika ile Nyumba ya Bara Hindi, alikuwa na maandishi ya namna hiyo alipochapisha kitabu chake mwaka 1552. Akaandika humo orodha ya masultani wa Kilwa tangu mwanzo. Wareno waliosoma walijua vizuri kwamba mji ule ulikuwa na wenyewe.

Jerónimos iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1983. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikuwa yametangulia, mwaka 1981. Anayeweza kwenda Kilwa asingoje nauli ya Lisbon. Atavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, aingie katika Msikiti Mkuu, atazame kuba zake, na amwombe mwenyeji amwonyeshe Gereza.

Sasa kazi ya darasa. Kiongozi, chukua chaki uandike ubaoni kwa herufi kubwa: KILWA. Wote walisome. Kisha futa herufi ya kwanza, K, uweke Q, maana Wareno wa zama zile waliandika sauti hiyo kwa Q. Halafu futa W uweke V. Sonara alilichora jina letu karibu hivyo, herufi moja moja, miaka zaidi ya 500 iliyopita. Bibi aliyeketi nyuma kabisa na asome kwanza, wengine wamfuate.